Kebo Mbili kwa Kila Kompyuta

Jumatatu, 6 Oktoba

Fedheha. Sina neno jingine.

Jumamosi Zhechko Burnazov na kundi lake la ngoma za asili walikuwa wakifanya mazoezi ghorofa ya juu. Walipofika pale pa kupiga miguu chini wote kwa pamoja, chumba changu cha kompyuta kilitikisika, kebo inayotoka kwenye seva ikachomoka, na kompyuta zote zikaganda. Zote! Wastaafu waliokuwa wakicheza karata mtandaoni wakabaki wameshika vipanya, midomo wazi. Mmoja wao alikuwa anakaribia kushinda. Alinitukana kwa Kibulgaria cha zamani ambacho nilidhani kimeshakufa.

Leo Bi Nevena Tsolova, mwenyekiti wa Nyumba ya Utamaduni tunamofanyia kazi, ameniita ofisini. Amesema kompyuta zikiganda tena mara moja tu, chumba kinakwenda kwa Zhechko, ambaye watu wake wamebanana huko juu. Zhechko alikuwepo. Alisimama kando ya dirisha na uso wa huzuni, kama mtu aliyekuja msibani akiwa tayari amepima kabati la marehemu. Nilieleza kwamba kosa ni la miguu ya watu wake. Bi Nevena akasema miguu ya watu wa Zhechko ina umri wa miaka elfu moja na kebo yangu ina mitatu.

Ikumbukwe (naandika kwa ajili ya historia) kwamba kompyuta zangu hazina diski. Hili ndilo jambo ninalojivunia zaidi maishani baada ya ndoa yangu. Iskra, mke wangu, anasema ni kabla ya ndoa. Ndani hazina kitu cha kukumbukia. Asubuhi zikiwashwa zinaiita seva yangu iliyo kwenye kijichumba cha nyuma, na seva inazitumia Linux, yaani mfumo wote wa kuziendesha, kupitia kebo: jinsi ya kuamka, majina yao, kila kitu. Virusi hakuna. Wizi hakuna, kwa sababu mwizi ataiba bati tupu. Kasoro ni moja. Kebo ikichomoka, kompyuta haikosi mtandao tu. Inakosa akili.

Na Jumamosi hii kuna jambo kubwa. Bibi Tsona wa mtaa wa chini ana kitukuu Valencia, kule Hispania. Mtoto anabatizwa. Bibi hajawahi kumwona ila kwenye picha moja iliyokunjika, magoti yake hayamruhusu kupanda ndege, na simu yake ni ya vitufe. Ataangalia ubatizo kwenye skrini kubwa chumbani kwangu, moja kwa moja. Amealika mtaa mzima. Ameshanunua kitambaa kipya cha kichwa.

Yaani chumba, heshima yangu na Bibi Tsona, vyote siku moja.

Suluhisho nimelipata jioni, nikipiga chafya. Nina mafua. Tundu moja la pua limeziba kabisa. Je, nimekufa? Sijafa. Napumua kwa la pili!

Kebo mbili kwa kila kompyuta.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka na mpango kamili. Kila kompyuta itapata kadi ya pili ya mtandao na kebo ya pili. Seva vilevile. Njia moja ikifa, nyingine inashika palepale na aliye kwenye kiti hajui kitu. Na Jumamosi, mbele ya watu wote, nitachukua mkasi na kukata kebo moja, kwa utulivu, huku nikizungumzia jambo jingine. Zhechko awe mstari wa mbele.

Kadi nimezipata kwa binamu yangu Rangel wa Plovdiv, ambaye huvunjavunja kompyuta za ofisi zilizofungwa. Rangel hafanyi kitu bure. Alitaka rojo la pilipili hoho la mama mkwe wangu, lile la kwenye chupa, linalojulikana hadi Plovdiv. Nikampa kreti moja. Zipo nyingi kule stoo. Iskra hahesabu.

Mchana kutwa nimekuwa chini ya meza. Wastaafu walikuja kucheza karata, wakakuta miguu yangu imetokeza, wakacheza hivyohivyo, wakiweka vikombe vyao vya kahawa mgongoni mwa kompyuta. Bibi Tsona alipita kuhakikisha kiti chake cha Jumamosi. Akaniuliza nimeangusha nini. Nikasema sikuangusha kitu, najenga usalama. Akasema akiona nilichoangusha ataniambia.

Saa tisa kazi ikaisha. Kila kompyuta ina kebo mbili, nyekundu na bluu, zote zimechomekwa kwenye kisanduku cha kugawia mtandao kilichoko ukutani. Nilikuwa nimesimama nikitazama uzuri ule ndipo Zhechko akaingia. Tunakaa jengo moja, ngazi moja, kwa hiyo huniita jirani.

"Jirani, hizi zote zinaingia kwenye kile kisanduku kimoja?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na kisanduku kikifa?"

Nimemweleza kwamba leo ilikuwa hatua ya kwanza tu, na kwamba mtu anayepuliza zumari ya ngozi ya mbuzi hapaswi kuharakisha wahandisi. Akaomba radhi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwa Zhechko. Anaomba radhi vizuri sana.

Sikujua kuna hatua ya pili. Sasa ipo.

Jumatano, 8 Oktoba

Kisanduku cha pili nimekipata asubuhi. Kilikuwa ofisini kwa Bi Nevena, nyuma ya chungu cha maua, hakifanyi kazi kubwa. Kinampa yeye mtandao, basi. Nilikitoa alipokwenda benki. Nimemwachia chungu cha maua palepale ili asione pengo.

Kebo nyekundu zote kisanduku cha kwanza. Bluu zote cha pili. Kisha nikaunganisha visanduku viwili kwa kebo, ili viweze kuongea. Hapo ndipo nilipopata wazo la hali ya juu. Kama kila kitu changu ni viwili viwili, kwa nini visanduku viongee kwa kebo moja? Nikaweka ya pili.

Taa zote zikawaka.

Sekunde ya kwanza nilifurahi. Nilidhani ni nguvu. Kisha nikaona zinapepesa zote kwa pamoja, haraka haraka, kama taa za disko la harusi, na hakuna kompyuta hata moja inayoamka. Mtandao wa jengo zima ulikufa. Kule chini, dada anayeuza tiketi za maonyesho ya vikaragosi alikuwa na foleni ya kinamama na watoto hadi barabarani. Watoto wakaanza kulia. Kinamama wakaanza kumuuliza dada kama kuna mtu mwenye akili kwenye jengo hili. Dada akawaonyesha mlango wangu.

Nilijifungia kwenye kijichumba cha seva, nikafikiri. Kisha Bi Nevena akagonga. Alisema ofisini kwake hakuna mtandao tangu asubuhi. Nikamwambia ni kampuni ya simu, wanachimba barabara. Akasema ameshawapigia na wamesema kwao kila kitu ni kizima. Nikasema ndivyo wanavyosema siku zote wakichimba.

Nilielewa karibu saa nane. Ujumbe ukiingia kisanduku cha kwanza unakwenda cha pili, unarudi kwa ile kebo nyingine, unakwenda tena, na kila mzunguko unazaa wenzake. Hakuna anayeuambia usimame. Ni sawa na wacheza ngoma wa Zhechko wakishikana mikono kwenye duara huku mpiga zumari amelala usingizi juu ya zumari.

Nikachomoa kebo moja. Kimya. Taa zikatulia. Watoto wakaingia kwenye vikaragosi vyao.

Bi Nevena amenipongeza kwa kuwashughulikia watu wa kampuni ya simu. Nimepokea pongezi. Mtandao wa ofisini kwake bado haupo, lakini nimemwambia kwamba upande ule wa jengo hurudi polepole.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya taabu, na siku ya utukufu. Naandika zote mbili.

Kuwa na kebo mbili hakutoshi. Lazima kompyuta iambiwe kwamba zile kadi mbili ni kitu kimoja, zifungwe pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira. Niliandika amri, nikaiweka kwenye seva, nikawasha kompyuta zote. Zikaanza kuamka vizuri, Linux ikaja, herufi zikateremka kwenye skrini. Zilipofikia amri yangu zikaganda. Zote, mahali pamoja, kwenye neno lilelile.

Nikazima, nikawasha. Zikaganda. Nikabadilisha amri. Zikaganda. Nikabadilisha amri nyingine, zikaganda mapema zaidi.

Mstaafu mmoja, Bwana Hristofor, aliyekuwa dereva wa treni, alikaa pembeni akila mkate wenye jibini, akinitazama kama mtu anayetazama mvua. Aliuliza kwa nini huwa zinakufa hapo hapo tu. Nikamwambia ni jambo la kitaalamu. Akasema treni yake ilikuwa na tabia hiyo karibu na handaki fulani, na walichofanya ni kuacha kupita huko.

Chakula cha mchana sikula. Nilikuwa nimelala sakafuni, nikitazama dari, na juu yangu watu wa Zhechko wakipiga miguu, na kila wakipiga vumbi linaniangukia usoni. Nikapiga chafya. Wazo likaja.

Kompyuta imeamka kwa kebo ya kwanza. Linux yake yote inapita humo, kwa sababu haina diski. Halafu mimi naiambia: iachie kebo hiyo kidogo, nikuunganishie na mwenzake. Inatii. Inaiachia. Na ikishaiachia haina tena mahali pa kusoma amri inayofuata! Nimekuwa nikimwamuru mtu aliye juu ya ngazi ashike ngazi aihamishe.

Kwa hiyo kadi zifungwe kabla. Kabla ya Linux yenyewe kuja. Kuna kile kifurushi kidogo ambacho seva hukituma mwanzo kabisa, cha kuamshia, ambacho kompyuta hukihifadhi kichwani. Mle ndani ndimo nilimoweka amri: amka, funga kadi mbili pamoja, ndipo uite mfumo wako.

Nikawasha moja. Ikaamka. Nikachomoa kebo nyekundu.

Ikaendelea.

Nikarudisha nyekundu, nikangoja kidogo, nikachomoa bluu. Ikaendelea! Kielekezo cha kipanya kilitembea kwenye skrini kama hakuna kilichotokea. Nikawasha zote. Nikapita nikichomoa na kuchomeka kama mtu anayekamua ng'ombe. Bwana Hristofor alikuwa anacheza karata, hakugeuka hata. Nilimkumbatia. Akaniambia nisimguse, ana karata nzuri.

Inafanya kazi. Mimi, Metodi Karadzhov, ambaye mji huu wote unaniita fundi ingawa nina cheti cha uhandisi. Inafanya kazi!

Ijumaa, 10 Oktoba

Iskra anahesabu.

Amekwenda stoo kuchukua chupa ya rojo kwa ajili ya mama yake anayekuja Jumapili, akakuta kreti haipo. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akauliza kwa upole kama nimemwona mwizi. Nikaanza kusema kuhusu Rangel, na usalama, na pua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kabla mama yake hajafika kreti iwe imejaa. Asipoikuta imejaa, mama mwenyewe ataniuliza, na yeye Iskra atakwenda kwa dada yake ili asisikie.

Kutengeneza rojo si mchezo. Hoho zote lazima zichomwe kwanza moja moja, zimenywe, ndipo zipikwe. Siku nzima. Na kesho nina ubatizo.

Nimefikiri, na nimepata jawabu linaloonyesha jinsi akili yangu ilivyo kazini wiki hii. Jiko letu la kuchomea hoho, lile la umeme lililo kama kopo, si kubwa. Linabebeka. Nitakwenda nalo kazini. Kesho, wakati kompyuta zinajiendesha zenyewe, hoho zitakuwa zinaungua taratibu kwenye kijichumba cha seva, na mimi nitakuwa naingia na kutoka. Nani atajua? Kwenye ekstensheni inayolisha seva na visanduku vyote viwili palikuwa na tundu moja tupu. Kama lilikuwa linanisubiri.

Nimeshabeba gunia la hoho. Zhechko alinikuta kwenye ngazi, akanisaidia kulishika upande mmoja. Aliuliza ni za nini. Nimesema ni vifaa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa mkono unaonuka hoho.

Watu walianza kufika saa tatu. Mtaa mzima kweli. Bibi Tsona alivaa kitambaa kipya, akaleta mkate mkubwa aliooka mwenyewe, akauweka mbele ya skrini kana kwamba wageni wa Valencia watautokea humo. Bi Nevena alikaa mstari wa mbele. Zhechko pia, kwa ombi langu, na zumari yake magotini, kwa kuwa Bibi Tsona alimwomba apige mtoto akitoka majini.

Picha ikaja. Safi! Kanisa dogo, mshumaa, mjukuu wa Bibi Tsona aitwaye Plamen amevaa tai, mke wake Mhispania amembeba mtoto. Bibi Tsona akanyoosha mkono akaigusa skrini kwenye shavu la mtoto. Nakiri hata mimi nilifuta macho, ingawa inawezekana ni moshi, kwa sababu hoho za kwanza zilikuwa zimeanza kunukia.

Hapo ndipo nikasimama kutoa hotuba. Nilieleza pua. Nilieleza nira. Bi Nevena alisema kwa sauti ya chini kwamba padri ameshaanza. Nikachukua mkasi, nikainua kebo nyekundu ya kompyuta ya Bibi Tsona ili wote waione, nikamtazama Zhechko machoni, nikakata.

Watu walishtuka. Picha haikutikisika. Padri aliendelea kusoma.

Makofi! Makofi ya kweli. Zhechko mwenyewe alipiga, tena kwa nguvu, mjinga yule. Nikaona bado wanataka. Nikaenda ukutani nikazima kisanduku kizima cha kwanza. Picha palepale. Mtu akasema, "Duh, fundi." Nikamwambia mhandisi. Bwana Hristofor aliinua kofia.

Nikakiwasha tena, nikachungulia kijichumbani mara moja kugeuza hoho. Zilikuwa zimechelewa kidogo upande mmoja. Nikaona niongeze moto, niwahi.

Nilirudi wakati padri anamwinua mtoto juu ya beseni la maji. Watu wote wakainama mbele. Bibi Tsona alikuwa ameshika mikono ya Zhechko kwa woga. Padri akataja jina, akamteremsha mtoto, maji yakamfika kifuani, mabegani, yakafunika kichwa.

Giza. Skrini, taa, seva, visanduku vyote viwili, kila kitu.

Kisha Bibi Tsona akageuka polepole, uso mweupe kama kitambaa chake.

"Amezama?"

Tukamwambia hapana, Bibi, ni umeme. Akasema ameona kwa macho yake akiingia na hakumwona akitoka. Kinamama wawili wakaanza kulia kwa sababu yeye alikuwa anataka kulia. Bwana Hristofor akasema kwa sauti kwamba mapadri wa Hispania hawana uzoefu. Nikakimbilia kwenye ubao wa fyuzi chini ya ngazi, nikainua swichi. Mwanga! Nikasikia watu wakishangilia. Kisha paa, ukakatika tena, kwa kuwa jiko la hoho bado lilikuwa limechomekwa. Nikainua tena. Ukakatika tena. Hapo ndipo nikakumbuka jiko, nikapanda nikalichomoa, nikateremka nalo kuinua swichi mara ya mwisho.

Niliporudi juu mbio, jiko mkononi, likitoa moshi, hakuna aliyekuwa anatazama skrini. Walikuwa wamesongamana wote kumzunguka Zhechko. Plamen aliwahi kucheza kwenye kundi lake kabla ya kuhamia Hispania, na Zhechko alikuwa na namba yake. Amempigia kwa simu yake ya mkononi, yenye kioo kilichopasuka, na kwenye kijioo hicho mtoto alikuwa analia, mwekundu, amelowa, mzima kabisa. Bibi Tsona aliishika ile simu kwa mikono miwili karibu na pua yake.

"Lia, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Lia, kipenzi. Nakuona. Lia, nakuona."

Ilimtosha. Hata akacheka. Akamwonyesha mtoto kitambaa.

Kompyuta zangu zilikuwa zimeanza kuamka, kwa mpangilio, kadi mbili mbili zimefungwa, bila kosa hata moja. Nililitangaza hilo. Bi Nevena alitazama mkono wangu uliobeba jiko. Akaingia kijichumbani. Akatoka na hoho moja, akaishika kwa ncha ya kidole.

"Metodi, hii ni nini?"

Nilisema ni kifaa.

Wakazila zote. Gunia zima. Walizichoma zilizobaki kwa tundu la korido, wakazimenya, wakazinyunyizia chumvi, wakala na mkate wa Bibi Tsona, huku Zhechko akipiga zumari, ambayo haihitaji kebo wala umeme, jambo ambalo watu watatu tofauti walinijia kuniambia. Wakasogeza meza ukutani wakacheza ngoma mkono kwa mkono kuzunguka chumba changu. Chumba kiliwatosha vizuri. Bi Nevena alisimama mlangoni akikipima kwa macho.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama mkwe amefika. Kreti tupu. Sitaandika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hukumu. Chumba ni cha Zhechko. Kompyuta zinahamia kwenye korido ya chini, pale watu wanapotundikia makoti. Bi Nevena pia amegundua kwamba kisanduku chake hakipo, kwa sababu alikwenda kumwagilia maua.

Nilijitetea. Nilisema mfumo wenyewe haukukosea hata mara moja, na kwamba kilichokufa ni umeme tu. Akasema anakubali. Mfumo haukukosea. Akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyatamka.

"Kebo moja kwa kila kompyuta, Metodi. Moja. Na mkasi uniletee mimi."

Zhechko aliwaleta wacheza ngoma wake wote kunisaidia kuhama. Walibeba kila kitu kwa dakika chache, bila kuvunja hata kioo kimoja, kisha yeye akaniomba radhi. Nimemchukia siku nzima. Jioni akagonga mlango wetu na ndoo ya hoho kutoka shambani kwa baba yake, akampa Iskra. Iskra amemkaribisha kahawa. Mama mkwe amemwita kijana mwenye adabu. Ana miaka hamsini na moja!

Ijumaa, 17 Oktoba

Wiki nzima kompyuta zinafanya kazi. Kebo moja moja, chini ya makoti. Hakuna iliyoganda. Bibi Tsona anaongea na Valencia kila siku baada ya chakula cha mchana, na juzi mtoto alimchekea. Wastaafu wanasema korido ni nzuri kuliko chumba, kwa sababu wanaona nani anaingia na nani anatoka. Hakuna anayeniita. Nimekaa kwenye kiti changu siku tano nikitazama vitu vizima.

Nimeanza kujiuliza kama kweli mimi ni mtu wa kung'ang'ania. Iskra anasema nimetulia, na kwamba labda tukio lile limenikomaza. Mama yake amekataa.

Leo mchana amekuja Baba Gavrail wa kanisa letu. Kengele imegoma. Huwa inapigwa kwa mota ndogo ya umeme, na Jumapili kuna harusi ya mtoto wa meya. Aliuliza kama naweza kutazama tu. Kutazama tu, alirudia, maana amezisikia habari zangu.

Nimepanda mnarani. Tatizo lenyewe ni dogo: njiwa walikuwa wamejenga kiota ndani ya mota. Nimekitoa, ikapiga mara moja vizuri sana, Baba Gavrail akanibariki kutoka chini na kunishukuru, akaniambia basi, fundi, shuka tunywe kahawa.

Lakini nikiwa kule juu niliona jambo la kutisha. Kengele nzima ya mji huu, ya harusi, ya misiba na ya Pasaka, inategemea mota moja.

Moja!

Nimemwambia Baba Gavrail aende nyumbani alale bila wasiwasi. Nimeshampigia Rangel, anayo mota nyingine, na mama mkwe ameshajaza kreti upya. Nitaifunga kesho. Ya zamani itavuta kengele kushoto, mpya itaivuta kulia, zote kwa pamoja. Nimeuchora mpango mara mbili na sioni kinachoweza kuharibika.